Filamu Iliyomfanya Baba Yangu Mlevi

Nimeona watu wengi wakifa kwenye filamu, ni kazi yangu. Ila sikuwahi kukaa kwenye ofisi ya watu, mchana kweupe, nikamwona baba yangu mzazi kwenye skrini anacheka na chupa mkononi huku mama mjamzito anakata roho nyuma yake.

Baba yangu hajawahi kuonja pombe. Ni Msabato, hata chai ya rangi anaitilia mashaka.

Na yule mama alikufa kweli. Aliitwa Mukansanga, alikuwa jirani yetu.

Ngoja nianze vizuri, maana naandika haya huku hasira inanipanda.

Naitwa Gisa. Nilizaliwa Bukavu, tukarudi Rwanda nikiwa mdogo, baba akapata shamba Rwimbogo. Mimi jembe lilinishinda mapema. Nimepanga Gihundwe na riziki yangu iko Kamembe, kwenye chumba cha kuonyeshea filamu. Mimi ni msobanuzi. Filamu inaongea Kifaransa au Kihindi, mimi nashika maikrofoni naielezea juu kwa juu kwa Kiswahili au Kinyarwanda, natia chumvi, watu wanacheka, wanalia, kesho wanarudi.

Kutia chumvi ndiyo kazi yenyewe. Msobanuzi asiyetia chumvi anabaki anaongea na viti.

Basi madame mmoja anaitwa Clarisse akanipigia simu. Shirika lao lilikuwa limetengeneza filamu ya kuhimiza akina mama wawahi kituo cha afya kabla uchungu haujawazidi. Iko kwa Kifaransa kwa sababu wafadhili ni watu wa huko, na sasa wanataka ionyeshwe vijijini. Anatafuta sauti. Nikamwambia sauti ndiyo hii unayoisikia.

Nikaenda ofisini kwao kuitazama kwanza. Yakatokea maandishi makubwa: hadithi ya kweli, Rwimbogo. Nikafurahi, nikajisemea leo kwetu tumetoka.

Halafu nikaona ingobyi.

Kwa wasiojua, kwetu milimani gari halifiki kila mlango. Mgonjwa anabebwa kwenye ingobyi, machela ya kusuka yenye miti miwili, wanaume wanne mabegani. Kila nyumba imo kwenye chama cha ingobyi. Wanakubeba ukiugua, wanakubeba ukifa. Ukitolewa humo umekwisha.

Na ingobyi ina sheria yake. Mtu wa mbele, upande wa kulia, ndiye anayetoa neno. Akisema simama, mnasimama. Akisema vuka, mnavuka. Hakuna kubishana, kwa sababu mkibishana mgonjwa anaanguka. Na mkifika, hakuna anayekwenda kusimulia nani alisema nini njiani. Neno la mtu wa mbele ni neno la wote.

Baba yangu, mzee Munyemana, alikuwa mtu wa mbele kwa miaka mingi.

Masika iliyopita walimbeba Mukansanga. Uchungu ulikuwa umemkamata vibaya, na ambulansi inawasubiri ng'ambo ya bonde, barabarani. Waliobeba ni baba, mume wa mgonjwa anayeitwa Bizimana, na wanaume wengine wawili wa mlima wetu. Baba alituambia kwamba walifika mtoni wakakuta maji yameshazoa daraja la magogo. Wakangoja yapungue. Mama yule akafia pale, na mtoto tumboni.

Tangu siku ile mzee hakuwa sawa. Akawa anaamka kabla ya jogoo, anakaa nje peke yake akitazama bondeni. Tukasema ni huzuni, itapita.

Halafu watu wa kamera wakaja. Wakamwomba abebe tena, waigize, ili nchi ijue mama zetu wanavyopotea. Alikubali kwa ajili ya Mukansanga. Alinipigia simu, akasema pengine sasa watajenga daraja la maana. Akaniambia jua lilikuwa kali, wakampa maji kwenye chupa ya kahawia isiyo na karatasi, wakamwambia acheke kidogo na wenzake kama watu wanaopumzika.

Sasa kwenye ile skrini jua limegeuzwa giza. Mvua imewekwa kwa kompyuta. Sauti ya mzee imefunikwa na sauti ya Mfaransa aliyelewa. Wenzake watatu ni waigizaji kutoka Kigali, kwa hiyo sura ya kweli ya mlima wetu ni moja tu, ya baba yangu. Anapiga chupa, anacheka, na nyuma yake Mukansanga wa filamu anaomba msaada.

Nikamwambia Clarisse asimamishe.

Nikamwambia huyu ni baba yangu, na hanywi, na haikuwa hivyo.

Clarisse si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma. Alifunga mlango, akaketi, akanieleza taratibu. Mwanzo waliandika kama walivyosimuliwa, watu wanangoja maji yapungue. Wafadhili wakasema hapana, watu wanaongoja hawamfundishi mtu kitu, lazima awepo wa kulaumiwa.

"Gisa, filamu hii itaokoa wamama wengi," akasema. "Mzee mmoja aonekane vibaya, wamama wapone. Wewe ungechagua nini?"

"Ningechagua mzee wako, siyo wangu."

Akaniambia tu kwamba onyesho la kwanza ni kesho mchana, kwenye ukumbi wa shule ya kwetu Rwimbogo, kwa sababu wafadhili wanataka pale pale ilipotokea. Na kwamba kipande cha tangazo kimeshatumwa kwenye makundi ya WhatsApp wiki nzima.

Sijatoka hata getini, simu ikaita. Ni dada yangu Dative, anaishi na mzee.

Baba ameanguka shambani. Kifua kinambana, anapumua kwa shida. Muuguzi amemwona na kusema asiguswe na pikipiki, kila wakimkalisha anazimia, abebwe amelala hadi barabarani apelekwe hospitali. Dative amekwenda kwa watu wa ingobyi, nyumba kwa nyumba.

"Bamekataa," dada akasema kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, ambacho "wa" huwa "ba" na "ndiyo" huwa "njo". "Banasema bameona video. Labda Bizimana aseme, njo batamubeba."

Nikamuuliza Bizimana anasemaje. Akasema Bizimana amekaa tu, hafungui mdomo.

Nilipanda pikipiki nikiwa sioni njia. Yule wa pikipiki aliniuliza mara mbili kama niko sawa, nikamwambia endesha.

Nyumbani nilimkuta mzee amelala chali, midomo imekuwa ya rangi nyingine. Watu wanapita kwenye kijia chetu wanatazama mbele. Mlima ule watu husalimiana hata wakiwa wamegombana, lakini siku hiyo mama Uwimbabazi, aliyemlea Dative mgongoni, alipita bila hata kugeuza shingo.

Nikasema basi, nitaleta washikaji wangu kutoka Kamembe wambebe.

Baba akafungua macho. "Sitabebwa na bageni kwenye mlima yangu. Bakinibeba bageni, nimekubali ile filamu."

Nikamwomba. Dative akamwomba kwa kulia. Mzee akafunga macho, mazungumzo yakaishia hapo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba baba yangu anaweza kufa kwa sababu ya chupa ya maji.

Nikaenda kwa Bizimana. Nilimkuta uani anamenya mihogo, mtu amekonda, koti la marehemu mkewe bado linaning'inia msumarini. Sikuona aibu, nilipiga magoti. Nikamwambia wewe ulikuwepo, unajua mzee hakulewa, sema neno moja tu wambebe.

Alimenya mhogo mzima bila kunitazama.

"Miye siyo muntu wa mbele," akasema mwishowe. "Ule mwenye alitoa neno, atoe ingine."

Nilimtukana. Nasema kweli, nilimtukana mjane wa watu kwenye uwanja wake, na yeye akaendelea na mihogo. Wale wabebaji wengine wawili nao nikawafuata, wakanijibu yale yale kwa maneno mengine. Nikasema hawa ni waoga, wanamtoa mzee kafara ili wao wasiguswe.

Jioni nikakaa pembeni ya godoro. Nikamwambia mzee nimepata njia. Maikrofoni kesho iko mkononi mwangu. Picha ni zao lakini mdomo ni wangu, nitausimulia mlima mzima ilivyokuwa, mto, daraja lililozolewa, kila kitu.

Akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Usishike ile kitu, Gisa."

Nikadhani anaogopea kazi yangu. Nikamwambia kazi zipo, baba hakuna wa pili. Akageukia ukutani, akabaki anapumua vile vile vibaya.

Kesho yake ukumbi wa shule ulijaa mpaka madirishani. Walikuwa wameziba mwanga kwa mashuka meusi, ndani kuna joto na harufu ya jasho. Clarisse amekaa mbele na mgeni mmoja mzee kutoka Ulaya. Pembeni kuna mtu wa kamera anayerekodi nyuso za watu wakitazama. Clarisse akanipa karatasi ya maneno yangu. Nikaikunja nikaitia mfukoni.

Filamu ikaanza.

Ilipotokea sura ya baba ukumbi uliguna. Nikasikia mtu nyuma yangu anasema ndiye huyo.

Nikavuta pumzi, nikaanza kwa Kinyarwanda. Nikasema mzee huyu ametoka na mgonjwa juu kabisa, amechoka, ameomba maji. Ndiyo, maji, nani kwenye mlima huu amewahi kumwona Munyemana na pombe? Baba wa filamu akacheka. Nikasema hacheki huyu, ndugu zangu, analia, kuna watu uso wao wakilia unafanana na wa mtu anayecheka.

Nikamwona Clarisse amegeuka ananitazama. Anajua Kinyarwanda vizuri, ila mgeni wake hajui hata neno, na hakutaka fujo mbele yake. Akabaki anauma midomo.

Basi nikafungulia. Nikasema wamefika mtoni, daraja hakuna, maji yamelizoa lote. Nikasema mzee anataka kujitupa majini aogelee akaite watu, wenzake wanamshika shati, analia anasema niacheni, huyu ni mtoto wangu. Mambo ambayo hata mimi nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza yanatoka kinywani mwangu.

Watu wakaanza kulia. Mama Uwimbabazi alijifunika uso kwa kitenge. Mgeni naye, asiyeelewa kitu, anapangusa miwani. Nikaona imekubali, nikazidi kuongeza, na kwa muda ule mfupi baba yangu alikuwa shujaa wa Rwimbogo nzima. Nikawaza wakitoka hapa wanakwenda moja kwa moja kuchukua ingobyi.

Bizimana peke yake alikuwa anatazama chini.

Hapo mlango ukafunguka, mwanga ukaingia wote, picha ikapotea ukutani.

"Zima," mtu akasema.

Alikuwa baba. Amesimama kwa fimbo na bega la Dative, shati limelowa jasho. Shule iko juu kidogo tu ya nyumba yetu, lakini kwa hali ile sijui aliupandaje ule mwinuko. Dative aliniambia baadaye kwamba alisikia sauti yangu kwenye spika kutoka kitandani, akaanza kuvaa viatu.

Watu walimpisha. Alifika mbele, akanyoosha mkono, nikampa maikrofoni.

Alisema kwa Kinyarwanda. Nawaletea kwa Kiswahili chetu, na hapa sitii chumvi.

"Hii filamu ni uongo. Sikukunywa. Na mutoto yangu pia amebadanganya, ila yeye hakujua, sababu miye njo nilimudanganya kwanza. Daraja ilikuwepo."



"Maji ilikuwa inapita juu ya magogo, lakini ilikuwepo. Bizimana alisema tuvuke. Bale bengine pia balisema. Miye njo nilikuwa mbele. Nikaona ile maji, nikakumbuka bantu niliona mto inabachukua kule Congo, wakati tulikuwa tunakimbia. Miguu ikakataa. Nikasema tungoje. Bakangoja, sababu ni neno ya muntu wa mbele. Maji ilibeba daraja baadaye, maman akiwa ameshakufa."

Akamtafuta Bizimana kwa macho mpaka akampata.

"Mukansanga alikufa sababu miye niliogopa. Siyo pombe. Ni woga. Na nikasema uongo mpaka leo."

Ndugu zangu, nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimeshamwokoa. Kwa mdomo wangu nilikuwa nimempa jina zuri, wambebe, apone, azeeke. Na yeye amepanda mlima kifua kinamuua ili aje kulitupa. Nikamchukia kwa dakika ile, niseme ukweli. Nikawaza sasa hawatamgusa kabisa.

Bizimana akasimama. Alikuja polepole katikati ya viti mpaka wakawa uso kwa uso.

"Niliingoja hii neno tangu siku ile," akasema. "Singeweza kukusemea."

Nikaelewa kimya chake chote. Mihogo ile, matusi yangu, wale wenzake wawili. Hawakuwa waoga. Walikuwa wanamlindia mtu wa mbele neno lake mpaka alitoe mwenyewe, kama sheria inavyotaka.

Baba alitaka kujibu, akaanza kuanguka. Bizimana ndiye aliyemdaka.

"Mulete ingobyi," akasema, na hakuinua sauti.

Wakaileta. Bizimana alishika mti wa mbele, upande wa kulia. Mimi nikapata wa nyuma. Tukateremka bonde lile watu wote nyuma yetu, mama Uwimbabazi ameshika fimbo ya mzee. Mtoni kuna magogo mapya, membamba, na maji yalikuwa mengi. Bizimana aliyatazama. Akaushika mti wa ingobyi kwa mikono miwili.

"Tunavuka," akasema. Tukavuka.

Ningependa kuishia hapo.

Baba alifika hospitali akiwa hai. Madaktari walifanya walichoweza, wakatuambia tumechelewa, moyo umeshaharibika. Alikuwa anaongea kidogo, anaomba uji, anauliza habari za maharage yake. Bizimana alikuwa anakuja na kukaa naye. Hawasemi sana, wanakaa tu.

Halafu ikatoka video.

Mnakumbuka kulikuwa na mtu wa kamera mle ukumbini. Sijui ni nani aliyekata, Clarisse aliapa si yeye, baadaye simu yake ikawa haipatikani. Video inaanza mzee ameshika maikrofoni: "Mukansanga alikufa sababu miye." Inakatika hapo hapo. Inafuata picha ya filamu, baba anapiga chupa anacheka. Chini wameandika: mlevi aliyeua mjamzito akiri mbele ya kijiji.

Iliruka kuliko filamu yenyewe. Kigali, Bukavu, mpaka kwa ndugu zetu walioko Ulaya. Watu wasiojua hata Rwimbogo iko upande gani wakaandika afungwe, achapwe, afe vibaya. Wengine wakaandika kwamba wamelia. Nilijibu wa kwanza, wa pili, wa kumi. Wakaniambia nimelipwa.

Mzee aliiona kwa mgonjwa wa kitanda cha jirani, aliyekuwa anaitazama bila kujua mwenyewe amelala hapo. Baba akaomba simu. Akaitazama mpaka mwisho, akairudisha kwa adabu.

"Bizimana ameiona?" akaniuliza.

Nikasema ameiona.

"Anasema nini?"

Nikamwambia Bizimana amesema yeye alikuwepo mtoni, alikuwepo na ukumbini, hahitaji video.

"Basi ni sawa," akasema.

Alfajiri yake akatutoka.

Tulimpeleka nyumbani kwa gari mpaka barabarani, na kutoka pale alibebwa kwenye ingobyi na watu wa mlima wake, hakuna mgeni hata mmoja. Nililia mpaka sauti ikakauka, na mimi naishi kwa sauti.

Ile video bado inatembea. Jana tu mtu wa Kamembe, mteja wangu kabisa, alinionyesha akicheka, hajui kwamba huyo ni baba yangu. Sikuwa na nguvu ya kumweleza. Ndiyo maana nimeandika.

Nilichojifunza ni hiki, na kinaniuma. Clarisse alidanganya kwa ajili ya akina mama, mimi nikadanganya kwa ajili ya baba, na wote wawili tulikuwa na machozi ya watu kama ushahidi. Watu walilia zaidi kwa uongo wangu kuliko kwa ukweli wake. Kwa hiyo ukiona filamu imeandikwa hadithi ya kweli na ikakutoa machozi, usiamini machozi. Watafute waliokuwepo, na ukiwakuta wamenyamaza, wavumilie.

Baba yangu aliogopa mto. Hakulewa. Ukiisambaza ile video, sambaza na haya.